Akisema "Alhamdulillah", Muulize Tena: Kutambua Dhiki ya Moyo kwa Mgonjwa wa Saratani Aliyelazwa

Mkaazi wa Hulugho anayelazwa Garissa kwa ajili ya saratani huwa ametoka mbali kwa njia zaidi ya moja. Ametoka mbali kwa barabara: vumbi na mchanga wakati wa kiangazi, na mvua za Gu au Deyr zinapoanza, magari hukwama au hukosekana kabisa. Ametoka mbali pia kwa wakati. Wengi huanza na dawa za duka, wakaenda zahanati, wengine wakachomwa moto kwa mganga, miezi ikapita kabla ya kipande cha nyama kukatwa na kupelekwa maabara. Siku anapopewa kitanda, familia hupumua. Hatimaye yuko mikononi mwa madaktari.

Pale wodini atapimwa joto, presha, mpigo wa moyo, uzito na damu, na kila kipimo kitaandikwa kwenye faili. Lakini hakuna mashine inayopima kilicho moyoni. Hilo hujulikana kwa kuuliza tu, na swali likiulizwa mara moja tena mbele ya watu, jibu katika kaunti yetu linajulikana kabla halijatoka: "Alhamdulillah." Au kwa Kisomali, "Waan fiicanahay", niko sawa.

Somo la toleo hili ni la jamaa anayekaa kando ya kitanda, mgeni anayekuja kumtazama mgonjwa, na mhudumu wa afya ya jamii atakayempokea akirudi kijijini. Madaktari na wauguzi wana mafunzo yao. Lakini daktari humwona mgonjwa dakika chache kwa siku, nawe uko naye usiku kucha.

Kwanza tuelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2020 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 42,000, na vifo zaidi ya 27,000. Kuhusu hali ya nafsi, jarida la Lancet Oncology lilichapisha mwaka 2011 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa 10 wa saratani wanaotibiwa hospitalini, watatu hadi wanne wana shida ya nafsi inayotambulika kitabibu: huzuni kubwa ya muda mrefu ambayo wataalamu huiita sonona, wasiwasi uliopita kiasi, au kushindwa kuizoea hali mpya. Ukiingia kwenye wodi yenye vitanda 10 basi, si ajabu watatu wakawa katika hali hiyo. Swali ni watatu gani, na mara nyingi si wale wanaolia kwa sauti.

Dhiki hii si jambo la kujali mgonjwa akishapona. Mwenye moyo uliovunjika hula kidogo, husahau dawa, hukataa sindano na huomba kurudishwa nyumbani kabla tiba haijakamilika. Tiba ya mionzi, kwa mfano, hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, na kuikatiza katikati hupunguza nguvu yake. Zamani tiba hiyo ilimaanisha safari ya Nairobi. Kuwepo kwa Kituo cha Saratani cha Kanda katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa kumepunguza safari hiyo, lakini kwa mtu wa Hulugho, Sangailu au Bodhai, wiki sita mjini Garissa bado ni wiki sita mbali na watoto, mifugo na msikiti wake.

Hakuna anayekubali kuitwa "waali"

Sababu moja ya dhiki hii kufichika ni maneno yenyewe. Kisomali kina neno waali, wazimu, na likishamshika mtu halimwachi, wala haliwaachi watoto wake wanaotaka kuoa na kuolewa. Kwa hiyo ukimuuliza mgonjwa kama ana "ugonjwa wa akili", atakataa, na ana haki ya kukataa. Lakini Kisomali kina maneno mengine yasiyoaibisha. Kuna murug, huzuni na majonzi. Kuna welwel, wasiwasi usiotulia. Hata buufis, neno lililokua katika kambi za Dadaab, hutaja hali ya mtu ambaye mwili wake uko hapa na fikra zake zimeshahama. Mgonjwa anayekana waali bila kusita anaweza kukubali kwamba ana welwel. Anza hapo.

Shida hii si ya Wasomali peke yao. Miaka ya 1990, daktari wa akili Jimmie Holland na wenzake katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, waligundua kuwa wanaume wenye saratani ya tezi dume hawakutaka kuulizwa habari za ugonjwa wa akili. Wakaliacha neno hilo. Wakachagua neno jepesi linalokaribia "dhiki" kwa Kiswahili, kisha wakachora kipimajoto chenye namba kutoka 0 hadi 10: sifuri ni kukosa dhiki kabisa, kumi ni dhiki kubwa kupita zote. Waliandika kuhusu kipimo hicho mwaka 1998, na leo kinatumika katika hospitali za nchi nyingi. Mgonjwa anayetaja 4 au zaidi anastahili kuzungumza na mtu aliyefunzwa.

Mama wa miaka sabini ambaye hajawahi kuandika namba hatafurahia kipimajoto cha karatasi. Mwonyeshe dumu la maji la lita ishirini, kitu anachokijua tangu utotoni. "Hooyo, tuseme dumu hili ni mawazo yanayokulemea wiki hii. Likiwa tupu huna wasiwasi. Likijaa mpaka shingoni huwezi hata kulinyanyua. Lako limefika wapi?" Akigusa karibu na nusu au juu yake, usimwambie "subira, hooyo" ukapita. Muulize ndani ya dumu mna nini. Hili si kipimo cha daktari, ni njia ya kufungua mdomo, lakini mdomo ukifunguka kazi kubwa imefanyika.

Dalili zinazodanganya na zisizodanganya

Hapa ndipo wengi hupotea, hata wahudumu. Mtu mwenye sonona hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, hupungua uzito na huchoka bila kufanya kazi. Saratani pia huleta hayo yote, na dawa zake kadhalika. Ndiyo maana jamaa husema, "Ana saratani, atakosaje kuchoka?" na mazungumzo yakaishia hapo. Dalili za mwili pekee hazitoshi kukuambia kitu. Unapaswa kutazama yale ambayo uvimbe hauwezi kuyafanya.

Uvimbe haumfanyi mtu asitake kumwona mjukuu wake. Sindano ya kemo haimfanyi mtu aseme, "Mimi ni mzigo, afadhali pesa hizi mngewalipia watoto karo." Kichefuchefu humzuia mtu kula, lakini hakimzuii kuuliza kama mvua imenyesha nyumbani. Mfugaji aliyelazwa ambaye haulizi habari za mifugo yake, wala za malisho, wala bei ya mbuzi sokoni, amenyamaza kwa namna inayofaa kututia shaka kuliko kulia. Tazama mambo haya: kukosa furaha kwa kila kilichokuwa kikimfurahisha, kujilaumu, kujiona hana thamani, kukata tamaa hata siku ambazo maumivu yametulia, na kujitenga. Yakidumu wiki mbili, karibu kila siku, si uchovu tena.

Mfano. Tuseme kuna mzee mwenye saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, aina inayowapata Wakenya wengi. Nyumbani alikuwa mtu wa kukaribisha wageni, na alikula nao sinia moja. Sasa hawezi kumeza wali. Hupitisha maziwa tu na uji mwepesi. Wageni wakija wodini na chakula, anageukia ukutani. Familia inasema mzee amekuwa mkali, hataki watu. Ukikaa naye peke yako unasikia mengine: anaona aibu kukohoa na kutema mbele ya watu waliomzoea akiwa mwenyeji wao. Hataki kuonekana. Hapo si ukali, ni heshima iliyojeruhiwa. Dawa ya kwanza ni rahisi kuliko tunavyodhani. Wageni waje wawili wawili, nje ya saa za chakula, wakae, wazungumze habari za ngamia, wasimwambie "kula, kula". Ya pili inahitaji daktari, kwa sababu zipo njia za kupanua umio au kumlisha kwa mrija, na mtu anayepata chakula huwa na nguvu ya kubeba mengine.

Jambo jingine linaloumiza sana na lisilotajwa ni sala. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi anaweza kutokwa na uchafu wenye harufu. Mwenye saratani ya matiti anaweza kuwa na kidonda kilichofunguka. Aliyepasuliwa utumbo anaweza kuvaa mfuko wa choo tumboni. Wote watatu wanaweza kuacha kusali, na jamaa wakasema imani imepungua, au shetani amemwingia. Kumbe anajiona najisi. Anaogopa kwamba udhu wake haushiki. Mtu aliyesali tangu utoto akiacha ghafla, muulize kwa upole, na amuulize mwanamke mwenzake, si mwana wa kiume. Kisha muiteni sheikh anayeelewa fiqhi ya wagonjwa. Atamweleza kwamba mwenye kutokwa na uchafu bila kukoma ana ruhusa yake katika dini, na anaweza kusali amekaa au amelala. Muulizeni muuguzi pia, kwa sababu kidonda chenye harufu kina dawa ya kuipunguza, na mgonjwa aliyeficha harufu hiyo miezi mitatu huenda hajui kwamba ipo. Sheikh mmoja na chupa moja ya dawa vinaweza kuinua moyo kuliko ziara ishirini.

Na wale wanaosema Muislamu hapaswi kuhuzunika wakumbuke kisa cha Nabii Yaqub katika Sura ya Yusuf: huzuni ya mwanawe ilimfanya macho yake yawe meupe. Mwaka aliofariki bibi Khadija na Abu Talib, Waislamu wenyewe wameuita Mwaka wa Huzuni. Huzuni si upungufu wa imani. Kumwambia mgonjwa hivyo humfunga mdomo tu.

Mwana anayetafsiri

Wauguzi na madaktari wengi wa hospitali zetu wametoka kaunti nyingine na hawasemi Kisomali. Mgonjwa mzee kutoka Hulugho huenda hasemi Kiswahili, achilia mbali Kiingereza. Katikati yao husimama mwana, binti au mpwa. Daktari anauliza, "Muulize mama kama anahisi huzuni, au anatamani kufa." Mwana anamgeukia mama na kumwambia, "Daktari anasema umelala vizuri?" Mama anajibu Alhamdulillah. Mwana anamwambia daktari, "Anasema hana shida." Wote watatu wanaridhika, na hakuna swali lililoulizwa.

Mwana huyo si mwongo. Anamstahi mama yake, na katika mila yetu mtoto hamuulizi mzazi kuhusu kutamani kifo. Ndiyo maana hafai kuwa mkalimani wa swali hilo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa, inapowezekana. Familia inaweza kuomba muuguzi, afisa wa kliniki au mfanyakazi mwingine wa hospitali anayesema Kisomali, wa jinsia ya mgonjwa, na jamaa watoke nje kwa dakika kumi. Kuombwa utoke si dharau kwako. Na kama mhudumu hakukuomba, toka mwenyewe ukanywe chai.

Hapa lazima tutaje na siri. Familia nyingi humficha mgonjwa jina la ugonjwa. Husema ni kidonda, ni uvimbe, ni damu kuchafuka. Nia ni kumkinga. Lakini mgonjwa amelala katika wodi ambayo watu wananyonyoka nywele, anasikia neno "kansar" kitanda cha jirani, na anaona nduguze wakinong'ona mlangoni. Anajua. Anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu wote wameshikilia hadithi. Mgonjwa aliyeanza kuuliza maswali ya kuzunguka, kama "Yule wa kitanda cha dirishani alikuwa na nini?" au "Mmeuza ngamia wangapi?", anabisha hodi. Sheria hiyo ya 2017 inampa haki ya kujua, naye anaweza pia kusema hataki kujua. Mwachieni yeye achague. Mwombeni daktari amuulize kwanza: "Ungependa nikueleze kiasi gani kuhusu ugonjwa wako?"

Swali la ngamia ni zito kuliko linavyosikika. Kiangazi kilichoanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana, kiliziacha familia nyingi na mifugo michache. Mzee anayejua kwamba waliobaki wanauzwa kwa ajili ya nauli, malazi na dawa zake huhesabu kichwani kila usiku. Hatia hiyo haitulizwi kwa kumdanganya kwamba hakuna kilichouzwa. Inatulizwa kwa hesabu ya kweli, na kwa kuhakikisha familia imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Kama hamjasajiliwa, piga *147# au muulize afisa wa ustawi wa jamii hospitalini kabla hamjauza mnyama mwingine.

Maswali mawili

Wahudumu wa afya duniani hutumia maswali mawili mafupi, na mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuyajua kwa kichwa. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au furaha katika kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejihisi mnyonge, mwenye huzuni, au umekata tamaa? Kila swali lina majibu manne: hata kidogo ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ikiwa 3 au zaidi, mgonjwa apelekwe kwa uchunguzi kamili. Hiyo haina maana kwamba ana sonona. Ina maana kwamba asiachwe.

Uliza akiwa hana maumivu makali. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana mtu anayeumia hawezi kutofautisha mwili na moyo, na dhiki nyingi hushuka maumivu yakitulizwa. Wapo jamaa wanaomzuia mgonjwa asinywe mofini wakiogopa atakuwa mraibu au kwamba ni dawa ya kumalizia. Mofini inayotolewa kwa vipimo vya daktari kwa maumivu ya saratani si hivyo. Kumnyima ni kumwongezea usiku wa kukesha, na hakuna mshauri nasaha atakayeshinda kukesha huko.

Kuna hali moja ambayo si huzuni na haisubiri. Mgonjwa aliyekuwa timamu jana, leo anachanganya mchana na usiku, hamtambui mwanawe, anaona watu wasiokuwepo, anang'oa mrija wa dripu, au kinyume chake amezubaa na hajibu. Huku ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na chanzo huwa mwilini: maambukizi, upungufu wa maji, kalsiamu kupanda katika damu, kipimo cha dawa kilichozidi, mkojo uliozuiliwa. Wengi husema ni jini na kumwita msomaji wa ruqya. Kisomo hakikatazwi, lakini muuguzi aitwe kwanza, saa hiyo hiyo, hata ikiwa saa nane za usiku. Mwambie maneno haya: "Jana hakuwa hivi." Muuguzi wa zamu aliyeingia jioni hawezi kulijua hilo, ila wewe unalijua.

Akisema anatamani kufa

Wengi huogopa kuuliza, wakidhani swali litampa mgonjwa wazo. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuuliza hakumpandi mtu wazo la kujiua. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Njia ya kuingia ni ya taratibu. "Abti, wapo wanaoumwa kama wewe wanaofika mahali wakatamani Mungu awachukue. Wewe umefika hapo?" Wengi watakubali, na wengi wao wanamaanisha wamechoka, si kwamba wanapanga jambo. Kwa hiyo endelea: "Umewahi kufikiria kujidhuru mwenyewe? Umefikiria kwa njia gani?" Akitaja njia, usimwache peke yake. Mweleze muuguzi mara moja, hata kama amekuapisha usiseme. Toa dawa karibu naye, chupa ya mofini ikiwemo, na kama yuko nyumbani toa dawa za kuogeshea mifugo na kamba. Usimhutubie kuhusu moto wa Jahannam. Anaujua, na ndiyo sababu amekuwa akinyamaza.

Kulikuwa na hofu nyingine, ya polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Mpeleke mtu wako hospitali.

Msaada wenyewe una sura kadhaa. Wengine wanahitaji kusikilizwa tu na mshauri nasaha au muuguzi aliyefunzwa, mara tatu au nne. Wengine wanahitaji dawa, na familia isishangae ikiona amitriptilini au fluoksetini kwenye karatasi ya dawa. Zote mbili ziko katika orodha ya dawa muhimu za Kenya, na amitriptilini hutumika pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo kuandikiwa hakumaanishi mtu ameitwa waali. Nafuu ya moyo huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana. Asiache siku ya tano kwa kusema haikufanya kazi, na asiache ghafla akipata nafuu bila kumuuliza daktari.

Usijisahau na wewe unayemlaza. Binti anayelala sakafuni chini ya kitanda cha mama yake mwezi mzima, huku wanawe wako Hulugho kwa jirani, naye ana dumu lake. Jamaa wapangiane zamu. Ukoo unaochangisha nauli unaweza pia kuchangisha mtu wa kumpokea usiku mbili kwa wiki. Tunasema hivi kwa sababu michango ya pesa huja haraka katika jamii yetu, lakini mchango wa usingizi hausikiki.

Siku ya kuruhusiwa, dhiki hairuhusiwi pamoja na mgonjwa. Wodini alikuwa na muuguzi, saa za dawa, na wenzake wa vitanda vya jirani. Nyumbani wageni hujaa wiki ya kwanza, kisha hutoweka, na hapo ndipo wengi huzama. Kabla ya kuondoka, ombeni barua ya kuruhusiwa itaje hali ya moyo wake na dawa za moyo kama anazo, si uvimbe peke yake, na ombeni nambari ya simu ya kliniki. Barua hiyo ionyeshwe katika Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Hulugho na kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Mhudumu amtembelee katika wiki ya pili na ya sita, peke yake au na mwenzake wa jinsia ya mgonjwa, na ayaulize yale maswali mawili tena. Jumla ikipanda kuliko ilivyokuwa, asisubiri tarehe ya kliniki ya saratani. Ampeleke mgonjwa kwa afisa wa kliniki wa Hulugho wiki hiyo hiyo. Kwa anayehitaji mtu wa kuzungumza naye usiku, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.